Uzi Chini ya Bahari

Tarehe 19 Oktoba, mwaka 1856, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na Oman, alifariki baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa safarini kutoka Maskati. Mjini Unguja hakuna aliyejua. Habari ya kifo haikuweza kufika upesi kuliko merikebu iliyoichukua maiti yake, nayo ilikuwa ingali baharini siku kadhaa. Mwanawe Barghash, aliyekuwamo chomboni, alishuka pwani usiku kwa siri, akajaribu kuishika ngome kabla watu hawajapata habari. Hakufaulu, na nduguye Majid akatawala. Lakini angalieni, wasikilizaji: kwa saa chache za usiku ule, kuijua habari peke yake kulikuwa silaha.

Zamani hizo waraka ulikwenda kwa upepo. Kusi, uvumao tangu Aprili hata Septemba, huyasukuma majahazi kwenda Arabuni na Bara Hindi. Kaskazi, tangu Desemba hata Machi, huyarudisha. Mtu aliyemwandikia nduguye Maskati mwezi wa Agosti alilitazamia jawabu wakati wa kaskazi. Aliyekikosa chombo cha mwisho alikaa na waraka wake mkononi. Thuwaini, mwana mwingine wa Seyyid, aliyekuwa akitawala Maskati, naye alidai Unguja ni yake. Shauri hilo lilikatwa na Lord Canning, mtawala wa Kiingereza katika Bara Hindi, mwezi wa Aprili 1861, miaka minne na nusu baada ya kifo. Sisemi kwamba kukawia kwa barua ndiyo sababu pekee. Ugomvi wa urithi hauishi haraka hata nyumba zikiwa jirani.

Kisha simu ikaja. Mwaka 1879 Waingereza walipigana na Wazulu huko Afrika ya Kusini. Walishindwa Isandlwana tarehe 22 Januari, na habari ilifika London tarehe 11 Februari. Serikali yao iliona siku 20 ni nyingi mno. Mwaka ule ule uzi ukatandazwa chini ya bahari kutoka Durban hata Msumbiji, Unguja na Aden, ambako ziliungana na nyuzi za kwenda Ulaya. Ndani yake mlikuwa na shaba ya kuchukua umeme. Juu ya shaba, utomvu mgumu wa mti wa Malaya, wa kuzuia maji. Na juu yake tena nyuzi za chuma, za kuikinga na miamba. Umeme ukielekezwa upande huu ni nukta, upande ule ni mstari, na kwa nukta na mistari karani aliandika herufi zote. Neno lenyewe, simu, tumelipata kwa Waajemi, na kwao ni uzi wa madini. Leo tunazo mfukoni simu zisizo na uzi wowote, na jina limebaki.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad, mwana wa yule Thuwaini. Khalid, mwana wa yule Barghash, akaingia jumbani pamoja na watu wenye silaha, akajitangaza mtawala. Sasa siri haikuwezekana. Basil Cave, aliyeshika kazi ya Balozi wa Kiingereza, alipeleka simu London kuuliza kama ana ruhusa ya kulipiga jumba kwa mizinga. Katika siku za majahazi balozi angaliamua mwenyewe, au angalingoja miezi. Na pengine katika kungoja watu wangalipatana. Jawabu lilikuja siku ya pili: ruhusa ipo. Walioitoa hawakuliona jumba wala waliokuwamo.

Tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari zilianza kupiga. Zilinyamaza baada ya dakika 40 hivi, na watu wapata 500 wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia kwa Balozi wa Kijerumani, na alasiri ile ile Hamud bin Muhammed akakalishwa kitini.