Vita ya Wajerumani Tanganyika: Vitabu vinavyosifu karakana na vinavyohesabu wapagazi

Na Mwandishi Wetu

VITABU vingi vinavyohusu viwanda vya siri vya Ujerumani huanzia chini ya milima ya Ulaya. Mwaka 1943 na 1944, mashambulizi ya anga yalipozidi, utawala wa Adolf Hitler ulihamishia mahandakini sehemu ya utengenezaji wa ndege na makombora. Karibu na mji wa Nordhausen kulikuwa na kiwanda cha Mittelwerk, na huko Gusen, Austria, wafungwa walichimba mahandaki ambamo viunzi vya ndege ya Messerschmitt Me 262 vilitengenezwa.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda Ulaya kuikuta habari inayofanana na hiyo. Zaidi ya robo karne kabla ya mahandaki hayo, Wajerumani waliozingirwa na meli za Uingereza walilazimika kuanzisha uzalishaji wao wa kivita katika ardhi ambayo leo ni Tanzania Bara. Vitabu vilivyoandikwa kuhusu jambo hilo vinatofautiana sana, na tofauti yao kubwa ni juu ya nani anayehesabiwa.

Viwanda vya dharura

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilikatwa na Ulaya. Katika miaka yote ya vita, meli mbili tu za mizigo zilifanikiwa kuupenya mzingiro huo: Rubens, iliyofika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, na Marie, iliyofika Ghuba ya Sudi, kusini, Machi 1916.

Mahitaji mengine yalipaswa kupatikana humu humu. Taasisi ya utafiti ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilitengeneza kwinini kutokana na magamba ya miti iliyopandwa huko, pamoja na sabuni, dawa ya meno na hata wiski. Mishumaa ilitengenezwa kwa nta ya nyuki, viatu kwa ngozi za ng'ombe na za wanyamapori, na matairi kwa mpira wa mashambani uliochanganywa na salfa. Magari yaliendeshwa kwa mafuta mbadala yaliyoitwa Trebol.

Manowari Königsberg ilipoangamia katika delta ya Mto Rufiji Julai 11, 1915, mizinga yake 10 ilitolewa na kupelekwa Dar es Salaam, ambako mafundi waliitengenezea magurudumu ili itumike nchi kavu. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha fedha. Humo zilipigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke.

Kwa upande wa ndege, Wajerumani hawakuwa na la kujivunia. Novemba 1917 puto kubwa la injini, L59, liliruka kutoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na takriban tani 15 za dawa, risasi na vifaa. Halikukusudiwa kurudi, hata kitambaa chake kingegeuzwa mahema na nguo. Lakini likiwa juu ya ardhi ya Sudan liliamriwa kurejea, na likatua Jamboli baada ya saa 95 angani.

Kagera katika vita hiyo

Wasomaji wa Isingiro, Karagwe na Kyerwa wanaishi mahali palipokuwa mstari wa mbele. Mto Kagera na mpaka wa Uganda ulitenganisha majeshi ya Mjerumani na ya Mwingereza. Bukoba ilikuwa na kituo cha simu ya upepo, ambacho kwa koloni lililozingirwa kilikuwa na thamani kubwa.

Juni 1915 kikosi cha Uingereza kilisafiri kwa meli kutoka Kisumu, kikaivamia Bukoba, kikaharibu ngome na kituo hicho, kisha kikaondoka. Mji uliporwa. Miongoni mwa waliopigana siku hizo alikuwa mwindaji na mwandishi Frederick Selous, aliyeuawa Januari 1917 huko Beho Beho, na ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la kusini. Shambulio la Bukoba limeelezwa katika historia rasmi ya jeshi la Uingereza iliyotayarishwa na Charles Hordern, ambayo juzuu yake moja tu ilichapishwa, mwaka 1941.

Vitabu vya mabwana

Vitabu vya kwanza viliandikwa na wakubwa wa vita. Gavana Heinrich Schnee alichapisha chake mwaka 1919, na Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alitoa kumbukumbu zake mwaka 1920. Kwa anayetaka kujua viatu vilishonwaje na kwinini ilipatikanaje, kitabu cha Lettow-Vorbeck ni hazina. Hata hivyo, humo ubunifu ni wa Wazungu, na Mwafrika husifiwa zaidi kwa uaminifu wake.

Sauti tofauti ilitoka ndani ya jeshi hilo hilo. Ludwig Deppe, daktari aliyetembea na kikosi cha Lettow-Vorbeck, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1919 kwamba walikopita waliacha mashamba yaliyoharibiwa na njaa.

Vitabu vinavyohesabu

Ilichukua miongo kadhaa kabla ya wanahistoria kugeuza macho kwa waliobeba mizigo. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, na Geoffrey Hodges, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu wapagazi, walionyesha gharama halisi. Upande wa Uingereza peke yake uliandikisha takriban wapagazi milioni moja, na kwa makadirio ya wanahistoria wapatao 100,000 walikufa, wengi kwa maradhi na lishe duni. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Huko Ugogo, ng'ombe na nafaka zilichukuliwa kwanza na Wajerumani, kisha na Waingereza. Ikafuata njaa iliyoitwa Mtunya, inayokadiriwa kuua watu 30,000.

Kwa ushuhuda wa Mwafrika mwenyewe, ipo simulizi ya Martin Kayamba, aliyefungwa na Wajerumani wakati wa vita. Ilichapishwa mwaka 1936 katika mkusanyiko wa Margery Perham. Kwa utafiti wa karibuni zaidi, Edward Paice (2007) anaeleza vita nzima, na Michelle Moyd (2014) anawachambua askari. Katika riwaya, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alirejea vita hiyo katika Afterlives (2020), mwaka mmoja kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel.

Somo la mahandaki

Vitabu vya mahandaki ya Ulaya navyo vilipita njia hiyo hiyo. Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1969. Mwaka 1975 Mfaransa Jean Michel, aliyekuwa mfungwa wa kambi ya Dora iliyohudumia Mittelwerk, alitoa kitabu chake ili wafu wasisahaulike. Wafungwa wapatao 60,000 walipitia mfumo wa kambi hiyo, na takriban 20,000 walikufa.

Kwa hiyo anayechukua kitabu kuhusu kiwanda cha vita, kiwe cha Nordhausen au cha Amani, na amuulize mwandishi swali moja mapema: nani alichimba, nani alibeba, na wangapi hawakurudi? Kumbukumbu za jenerali zitamweleza jinsi kitu kilivyotengenezwa. Majibu ya swali hilo atayapata kwa Deppe, Kayamba, Iliffe na Hodges, na ni vema awasome pamoja na jenerali huyo.