Historia ya Picha ya Matiti

Hofu ya jambo huzidi pale sababu yake isipojulikana. Mwanamke wa Bodo akiambiwa kwamba titi lake litabanwa katika mashine ili lipigwe picha, hali hana uvimbe wala maumivu, si ajabu akiuliza: Nibanwe kwa nini? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake limo katika historia. Karibu kila jambo litendwalo katika chumba cha picha lilizaliwa na shida iliyowakabili madaktari waliotangulia.

Mwezi wa Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mtaalamu Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ipenyayo mwilini, ambayo sisi twaiita eksirei. Mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mkewe. Mifupa ikaonekana, na pete kidoleni. Mfupa ni mgumu, nao huizuia mionzi. Lakini titi ni nyama laini na mafuta. Mionzi hupita humo kwa wepesi, na picha hutoka hafifu. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya kwanza.

Mwaka 1913 Albert Salomon, daktari mpasuaji wa Berlin, alichunguza kwa eksirei matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kukatwa kwa ajili ya maradhi. Aliona jinsi saratani inavyotofautiana na nyama nzima. Aliona pia chembe ndogo nyeupe, asitambue maana yake. Mwaka 1930 Stafford Warren wa Marekani alitangaza habari za picha za wanawake walio hai. Hata hivyo, picha za siku zile hazikuwa safi, na madaktari wengi hawakuzitegemea. Salomon mwenyewe aliondolewa kazini na serikali ya Wanazi mwaka 1933, kwa kuwa alikuwa Myahudi.

Raúl Leborgne wa Uruguay ndiye aliyeifungua njia. Mwaka 1949 alieleza mambo mawili. La kwanza, titi likibanwa huwa jembamba na hutulia, na picha hutoka safi. Mtu wa Bodo hahitaji maelezo mengi: maji yanapojaa katika mkondo wa kwendea Funzi, kilicho chini hakionekani, yakipwa, hata kaa mdogo huonekana juu ya tope. La pili, chembe za chokaa, ndogo mfano wa punje za chumvi, zaweza kuwa dalili ya saratani ambayo mkono hauwezi kuigusa. Ndiyo sababu mwanamke hubanwa; na ndiyo sababu huambiwa asijipake poda wala dawa ya kwapa siku hiyo, maana vumbi lake laweza kuonekana pichani mfano wa chembe hizo.

Mwaka 1960 Robert Egan wa Houston, Marekani, alitangaza njia ambayo madaktari wengine waliweza kujifunza na kuifuata. Katika miaka hiyo hiyo Charles Gros wa Strasbourg, Ufaransa, alishughulika na kutengeneza mashine ya kazi hiyo pekee. Likabaki swali kubwa: Je, picha hizi huokoa maisha? Desemba 1963 ulianza New York uchunguzi wa wanawake wapatao 62,000, wa miaka 40 hadi 64, Philip Strax akiwa mmoja wa viongozi wake. Nusu yao waliitwa wapigwe picha na kupapaswa na daktari. Nusu waliachwa katika matibabu yao ya kawaida. Miaka kumi baadaye, vifo vya saratani ya matiti katika kundi lililoitwa vilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja.

Basi mwanamke aendaye leo atarajie haya. Atavua nguo za juu faraghani. Atasimama mbele ya mashine, na kila titi litapigwa picha mbili, moja kutoka juu na moja kutoka upande. Kubanwa kwaweza kuuma, lakini ni kwa sekunde chache tu. Kama ana mimba, aseme mapema. Akiitwa tena asidhani amekwisha hukumiwa. Wengi waitwao tena hawana saratani. Picha nayo si kamilifu: katika titi la msichana nyama huwa nzito, nayo huonekana nyeupe kama uvimbe wenyewe. Kwa hiyo mwongozo wa Kenya wa mwaka 2018 washauri picha kila mwaka kwa wanawake wa miaka 40 hadi 55, na kila miaka miwili kwa wa miaka 56 hadi 74. Lakini mwenye uvimbe, awe na umri wowote, asingoje zamu. Aende hospitali mara moja.

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukodi vifaa kwa hospitali za kaunti, na mashine za picha ya matiti zilikuwa miongoni mwake. Hata hivyo, wanawake wengi nchini bado humfikia daktari ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Wengine huzuiwa na gharama na umbali, wengine na haya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanafunzi hawezi kununua mashine, lakini aweza kumweleza mama yake au shangazi yake kwa adabu kwa nini titi hubanwa, na kumsindikiza hadi Msambweni, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, akaulize. Elimu iliyochukua miaka mingi kupatikana haina faida ikiishia darasani.