Risasi na lithiamu: miaka 160 ya kuweka akiba ya umeme

Mwaka 1859, mwanafizikia Mfaransa Gaston Planté alichukua mabamba mawili ya madini ya risasi, akayatenganisha yasigusane, akayakunja pamoja kama mkeka na kuyatumbukiza katika asidi ya salfa. Betri za kabla yake zikiisha nguvu zilikuwa zimekwisha. Hii ya Planté ilirudishiwa umeme ikaanza kazi upya.

Ilichukua muda mrefu kuitayarisha, hadi mwaka 1881 Mfaransa mwenzake Camille Faure alipopaka mabamba hayo uji mzito wa oksidi ya risasi. Hapo ndipo viwanda vilipoingia. Vituo vya kwanza vya umeme Ulaya na Marekani viliitumia kuweka akiba ili injini zipumzike usiku. Vituo vya simu vikapanga safu za betri za volti 48, na ndiyo maana simu ya waya iliendelea kulia hata mtaa mzima ukiwa gizani. Mwaka 1912 Cadillac ikatoa gari linalowashwa kwa betri badala ya kuzungushwa kwa mkono wa chuma. Tangu hapo betri ya risasi ikaenda kila gari lilikokwenda.

Huku Afrika Mashariki betri hiyo ilikuja na gari, lakini haikubaki garini. Vijijini ambako nguzo za umeme hazijafika, betri ya volti 12 iliwasha televisheni, na chaji ikiisha ilifungwa kwenye baiskeli ikapelekwa kwa fundi. Fundi alifungua vifuniko sita, kimoja kwa kila chemba ya volti mbili, akachungulia kama maji yamefunika mabamba, akaongeza maji ya betri, kisha akaiunganisha na chaja.

Kuwasha televisheni haikuwa kazi ya betri hiyo. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kukamuliwa usiku kucha. Ikikaa bila chaji, salfeti ya risasi huganda juu ya mabamba na kugoma kutoka. Ndiyo maana hata kwa betri za risasi zilizotengenezwa kwa ajili ya sola, mafundi husisitiza zisitumiwe kupita nusu.

Lithiamu ilianza safari yake miaka ya 1970, wakati wa msukosuko wa mafuta. Stanley Whittingham, akiwa katika kampuni ya Exxon, alitengeneza betri ya lithiamu yenye nguvu lakini hatari, kwa kuwa lithiamu tupu huwaka moto kwa urahisi. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford wakaleta oksidi ya kobalti. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaondoa lithiamu tupu na kuweka kaboni, na mwaka 1991 Sony ikaipeleka sokoni. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97.

Betri ya lithiamu inayofungwa sasa katika nyumba nyingi ni ndugu mdogo wa hiyo. Ilitokana na utafiti wa Goodenough na wenzake huko Texas katika miaka ya 1990. Inatumia chuma na fosfeti, haihitaji kobalti, na inavumilia joto zaidi.

Ziweke betri mbili, moja ya kila aina, za volti 12 na ampea-saa 100 sakafuni. Ya risasi ina takribani kilo 30, ya lithiamu haifiki nusu yake. Kwenye lebo zote zina kama uniti 1.2 za umeme. Ya risasi itakupa 0.6 kwa usalama, ya lithiamu karibu uniti moja. Tuseme ya kwanza inahimili mizunguko 500 ya kuchaji na kutumia, ya pili 3,000: moja itakupa uniti 300 maishani mwake, nyingine 3,000. Anayeishi kwa sola kila usiku asidanganywe na bei ya dukani. Lakini nyumba ambayo umeme hukatika mara moja kwa mwezi haitamaliza mizunguko hiyo, na hapo betri ya risasi inayokaa imejaa chaji bado ina hoja yake.

Gharama nyingine haiandikwi kwenye lebo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido aliongoza mapambano yao na kupata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, amri iliyozua rufaa. Nako Kolwezi, nchini Kongo, wachimbaji wadogo huhatarisha maisha mashimoni wakitafuta kobalti ya betri za simu na magari.

Betri ya risasi ikifa, mnunuzi wa chuma chakavu anaisubiri mlangoni. Soko hilo ndilo lililoidumisha, na likikosa usimamizi ndilo huua. Ya lithiamu bado haina mnunuzi wa namna hiyo katika mitaa yetu. Serikali ziweke utaratibu wa kuzikusanya sasa, kabla shehena ya kwanza ya mizoga yake haijafika jalalani.