Uswisi: nchi isiyo na bahari inayotuzidi sisi wa deltani

Leo naweka hapa darasa la uchumi wa Uswisi. Najua wengi mkilisikia jina hilo mnawaza benki za kuficha pesa, saa na chokoleti, basi. Mimi mtu wa Mtunda, huku Kibiti. Kilichonivutia kwenye nchi ile ni kwamba haina bahari, na sisi tunayo. Tena tuna mto, kamba, mikoko na korosho juu yake.

Kwanza takwimu. Uswisi ina kilomita za mraba 41,285, yaani hata mkoa wa Morogoro unaizidi kwa mbali. Watu ni kama milioni 9. Milima imekula sehemu kubwa ya ardhi, mafuta hawana, migodi ya maana hawana. Lakini pato la mwaka ukiligawa kwa kila kichwa linapita dola 90,000. Letu ni zaidi kidogo ya dola 1,000. Si mchezo.

Sasa sikieni hii. Zile meli za makontena zilizoandikwa MSC, kampuni inayoongoza duniani kwa uwezo wa kubeba makontena, makao yake makuu yako Geneva. Geneva hakuna bahari, kuna ziwa! Na bandari wanayo pia, iko Basel, kwenye mto Rhine. Majahazi ya chuma yanashuka mtoni mpaka Rotterdam, Uholanzi. Sisi Rufiji inaishia mlangoni kwetu, na mizigo yetu mingi bado inasubiri lori barabara ikauke.

Msidhani walizaliwa matajiri. Karne ya 19 njaa iliwakimbiza Waswisi wengi, wengine wakahamia Brazil mwaka 1819. Kabla ya hapo vijana wao walikuwa wakikodishwa kama askari wa wafalme wa nje. Milima ya Jura wakulima walikuwa wakitengeneza vipuri vya saa majira ya baridi, shamba likiwa limefunikwa na theluji. Baadaye wakajenga reli, chuo cha ufundi cha Zurich mwaka 1855, na mwaka 1856 benki ya Credit Suisse ili kupata pesa za hizo reli.

Ujanja wao ni kushika mkono wa mwisho wa bidhaa. Kakao hawalimi, wanauza chokoleti. Kahawa hawalimi, lakini kahawa iliyokaangwa wanayouza nje ina thamani kuliko chokoleti yao. Dhahabu hawachimbi, lakini viwanda vyao, vingi viko Ticino mpakani na Italia, vinasafisha sehemu kubwa ya dhahabu ya dunia. Ya Tanzania nayo imekuwa ikienda huko miaka mingi.

Korosho yetu je? Unapeleka AMCOS, inalala ghalani, inapigwa mnada, halafu nyingi inapanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam. Hela ya kubangua wanakula wengine.

Lakini kinachoingiza pesa nyingi zaidi kwenye mauzo yao ya nje ni dawa. Roche na Novartis wote wako Basel. Dawa mseto ya malaria iliyoanza kutumika hospitali zetu mwishoni mwa 2006, ile Coartem, ni ya Novartis, ingawa asili yake ni utafiti wa Wachina. Na uhusiano ni wa zamani. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara Ifakara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ya Watanzania wenyewe. Ndiyo hao waliokuja kuendesha kituo cha Ikwiriri cha kufuatilia uzazi na vifo Rufiji. Maji ya Kilombero yanayopita Ifakara ndiyo haya yanayofika kwetu.

Za benki nizimalize haraka. Sheria ya usiri ni ya 1934. Novemba 2012 Zitto Kabwe alipeleka hoja bungeni kuhusu pesa za Watanzania zilizofichwa kule. Tangu 2018 Waswisi wanapeana taarifa za akaunti na nchi nyingi, kwa hiyo usiri ule wa zamani umepungua sana. Credit Suisse yenyewe ilianguka Machi 2023 ikanunuliwa na UBS. Maisha nako ni ghali: zaidi ya nusu ya watu wamepanga, na bima ya afya kila mtu anajilipia.

Kinachoniuma mimi ni cha vijana. Kule wengi, kama theluthi mbili, wakimaliza shule ya lazima wanaingia uanagenzi. Siku tatu au nne kwa wiki kiwandani, benki au gereji, zilizobaki darasani, na wanalipwa. Baada ya miaka mitatu au minne wana cheti kinachotambulika nchi nzima. Huku kijana akimaliza form four anapanda basi la Mbagala kutafuta bodaboda ya kukodi.

Wadau wa Kibiti, Ikwiriri na Utete: kuna anayejua kiwanda cha kubangua korosho mkoa wetu kinachochukua vijana wajifunze huku wakilipwa? Kama kipo kitajeni kwenye maoni hapo chini, mdogo wangu amemaliza mwaka jana yuko nyumbani.