Historia ya vitenzi vya Kiingereza vyenye maana ya kufika na kuonekana

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kongo ajifunzaye Kiingereza hukipokea kitenzi «arrive» kwa furaha, kwani Kifaransa kimekwisha kumpa «arriver». Furaha hiyo mara nyingi humponza. Kifaransa hutumia «arriver» kwa maana ya kutukia, na tena kwa maana ya kufaulu kutenda jambo. Kiingereza cha leo hakitumii «arrive» hivyo: kwa maana ya kwanza husema «happen», kwa maana ya pili husema «manage». Yawaje maneno mawili ya asili moja yakaachana njia? Jibu limo katika historia, na historia hiyo yaonyesha kwamba lugha inayokopa neno si lazima ipoteze neno lake; huweza kuyagawia yote mawili kazi.

2. Kabla ya 1066

Waangli na Wasaksoni, waliohamia Britania hasa tangu karne ya 5, walikuwa na kitenzi «cuman», ambacho leo ni «come», yaani kuja. Walikuwa pia na «becuman», yaani kufika mahali. Polepole maana ya kitenzi hiki ilihama kutoka mahali hadi hali, na leo «become» ni kugeuka kuwa kitu fulani. «Reach» nacho kilianza kwa maana ya kunyosha mkono: aliyefika ni yule ambaye mkono wake umegusa alichokuwa akikifuata.

Waskandinavia walishambulia Lindisfarne mwaka wa 793, na katika karne iliyofuata wengi wao wakafanya makao kaskazini na mashariki ya Uingereza. Kitenzi chao «geta», yaani kupata, ndicho kilichozaa «get», ambacho leo hutumika kila siku kwa maana ya kufika pia.

3. Neno lililovuka bahari

Mwaka wa 1066, William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari na jeshi lake, akamshinda Mfalme Harold karibu na Hastings. Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na ya wakuu. Kwa njia hiyo «arrive» kiliingia katika Kiingereza. Shina lake ni neno la Kilatini «ripa», yaani ukingo wa mto, ambalo msomaji wa Kifaransa hulitambua katika «rive». Kufika, basi, kulikuwa ni kufika ukingoni. Na kweli, katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 13, kitenzi hiki kilihusu hasa chombo na abiria wake kufika pwani. Baadaye tu ndipo kilipopanda nchi kavu na kumhusu msafiri yeyote. Karne hiyohiyo ilileta pia «appear», kuonekana, kutoka Kifaransa.

Utawala wa Kifaransa haukudumu milele. Mwaka wa 1362 sheria iliamuru kesi zisemwe mahakamani kwa Kiingereza. Hata hivyo Kiingereza hicho kilikuwa kimekwisha kuyafanya maneno mengi ya Kifaransa kuwa yake. Katika karne ya 16 wasomi waliongeza «emerge» kutoka Kilatini, ambacho asili yake ni kutoka majini baada ya kuzama. Picha hiyo ndiyo iliyomo katika «kuibuka» cha Kiswahili, ingawa hakuna lugha iliyomwiga mwenziwe.

4. Virai vya watu wa kawaida

Wakati vitenzi vya kigeni vilipokalia viti vya heshima, watu waliendelea kuunda virai kwa maneno mafupi waliyoyazoea. «Show» zamani kilikuwa na maana ya kutazama, kisha kikageuka kuwa kuonyesha; «show up», kwa maana ya kutokea mahali, kilienea katika karne ya 19. «Turn up» humtaja mtu au kitu kinachotokea bila kutazamiwa, mithili ya kitu kilichofukuliwa ardhini. Ndege, katika tangazo rasmi, hufika kwa «arrive». Mgeni asiyealikwa hutokea kwa «turn up». Mfasiri anayeandika «kufika» kila mahali huupoteza mshangao huo, hali Kiswahili kina «kutokea» na «kuzuka».

5. Hitimisho

Kiswahili nacho kina jozi ya namna hii. «Kufika» ni neno la Kibantu. «Kuwasili» lilitoka Kiarabu, si kwa ushindi wa vita kama ule wa Hastings, bali kwa karne nyingi za biashara na dini katika pwani ya Afrika Mashariki. La pili halikulifukuza la kwanza. Mkuu wa nchi huwasili; jirani hufika.

Kwa hiyo wale wanaokihukumu Kiswahili cha Lubumbashi kwa kuhesabu tu maneno yake ya Kifaransa wanauliza swali pungufu. Asili ya neno yafaa kujulikana, lakini haitoshi. Yapasa pia kuuliza: neno geni limepewa kazi gani, na neno la asili limebaki na kazi gani? Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika lugha, mwenyeji hupona iwapo wazungumzaji wake hawaachi kumtuma kazi.