Urukaji wa helikopta melini

Urukaji wa helikopta melini ni kupaa na kutua kwa helikopta kwenye sitaha ya manowari, kazi ngumu kwa kuwa uwanja wenyewe unasogea na kuyumba. Nahodha kwanza hugeuza meli ili upepo uvume kutoka upande unaomfaa rubani. Sitaha hufagiliwa, maana hata kipande cha kamba kinaweza kunyonywa na injini, na wazimamoto hukaa tayari. Afisa wa sitaha huongoza kwa ishara za mikono. Helikopta ikishatua, wahudumu huzuia magurudumu na kuifunga kwa minyororo.

Afrika Mashariki, mfano mkubwa ni wa 25 Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika, walikuwa wameasi tangu tarehe 20, na Rais Julius Nyerere akaomba msaada wa Uingereza. Alfajiri, helikopta za Wessex na Belvedere zilipaa kutoka HMS Centaur, manowari ya kubeba ndege iliyokuwa nje ya Dar es Salaam, zikawashusha makomando karibu na Colito, kambi ya waasi hao. Manowari nyingine, HMS Cambrian, ilifyatua mizinga ya kuwatisha waasi tu, hila iliyofaa sana. Kambi hiyo leo inaitwa Lugalo.