Dia ya Ljótr: Kisasi na Utengemano katika Simulizi za Kale za Aisilandi

Msomaji wa simulizi za koo za Aisilandi, zilizoandikwa hasa katika karne ya 13 kuhusu wazee walioishi zama za mwaka 1000, huenda akadhani kwamba anasoma habari za watu wasio na sheria. La hasha. Sheria zao zilikuwa nyingi hata wakaweka mnena-sheria, ambaye kazi yake ilikuwa kuzitamka kwa ghibu mbele ya Baraza Kuu la Althing, theluthi moja kila mwaka. Baraza hilo lilianzishwa yapata mwaka 930. Walichokosa ni mtekelezaji. Hapakuwa na mfalme, askari wala gereza. Baraza liliweza kumwondolea mhalifu ulinzi wa sheria, lakini kumwandama ilikuwa juu ya mdai na jamaa zake.

Hapo ndipo tunapoona kwamba kisasi hakikuwa adui wa utengemano bali mmoja wa walinzi wake. Hofu ya jamaa za marehemu ilizuia mikono mingi. Na damu ilipokwisha kumwagika, wasuluhishi walisimama kati na kukadiria dia. Twakubali kwamba utaratibu huu ulikuwa na busara yake. Hata hivyo ulihitaji jambo moja ambalo haukuweza kulizaa wenyewe, nalo ni mtu aliye radhi kubaki na hasara.

Tuitazame simulizi ya Njáll, iliyoandikwa yapata mwaka 1280. Höskuldr, aliyelelewa na Njáll kama mwanawe, anauawa na wana wa Njáll akipanda nafaka shambani mwake asubuhi. Mjane wake, Hildigunnr, analihifadhi joho lililolowa damu, kisha anamtupia Flosi, baba yake mdogo, mabegani, hata damu iliyokauka inamwagika juu yake. Barazani waamuzi wanakata dia mara tatu ya kawaida, fedha mia sita, nao wenyewe wanachangia. Malipo yamekwisha kuwekwa mbele ya watu. Ndipo Njáll anapoongeza juu yake vazi la hariri; Flosi anauliza ni nani aliyelitoa, hajibiwi, matusi yanaanza, na fedha yote inakataliwa. Baadaye Flosi anaichoma moto nyumba ya Bergþórshvoll. Njáll na mkewe wanakufa humo pamoja na mjukuu wao mdogo Þórðr, aliyekataa kutoka bila bibi yake.

Kesi ya moto huo inaharibika kwa hila za kisheria, na watu wanapigana palepale Baraza. Mkuki mmoja unamwua Ljótr, mwana wa Hallur wa Síða, mkwewe Flosi. Simulizi yasema haikujulikana kamwe ni nani aliyeurusha. Kesho yake Hallur anasimama na kusema kwamba, ili watu wapatane, mwanawe alale bila dia, na juu ya hayo atawapa amani waliokuwa wapinzani wake. Katika sheria yao, kumwacha maiti bila dia kulikuwa karibu sawa na kusema kwamba hakuwa na thamani. Mzee huyu alikitoa kile ambacho jamii yake nzima iliwafundisha watu kukilinda. Na wote waliokuwapo wakamchangia fedha mia nane, yaani dia nne.

Yafaa tukumbuke kwamba mwandishi alikuwa Mkristo, na kwamba kabla ya kuandika, mwaka 1253, watu walichomewa nyumba huko Flugumýri katika vita vya wakuu wa Aisilandi, vilivyoishia katika kumtii mfalme wa Norwei miaka ya 1262 hadi 1264. Hatudhani kwamba alimwandika Hallur kwa kujifurahisha.

Wala hadai kwamba tendo hilo lilimaliza yote. Kári, baba yake Þórðr, hakuingia katika mapatano. Aliwaandama wachomaji hata ng'ambo ya bahari. Hatimaye yeye na Flosi, kila mmoja kwa safari yake, walikwenda Roma kuondolewa dhambi. Akirudi, Kári alivunjikiwa na merikebu karibu na Svínafell, nyumbani kwa Flosi, akaenda huko katika dhoruba ya theluji. Flosi alimtambua mara moja, akaruka kumlaki, akambusu na kumketisha kando yake katika kiti cha heshima. Kári akamwoa Hildigunnr. Safari hii simulizi haitaji fedha yoyote.